Shangazi na Pacha wa Upande wa Pili

Kabla hajawa Shangazi wa madereva wote wa malori, alikuwa muuguzi wa kawaida wa wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya, mjane mwenye binti mmoja na miguu inayovimba kila jioni. Alikubali kuhamia mpakani kwa sababu moja tu: aliambiwa kwamba kule atafanya kazi amekaa. Walimdanganya. Kituo chenyewe kilikuwa na kiti kimoja, na kiti hicho kilikuwa cha mgonjwa.

Kilikuwa kontena lililotobolewa madirisha, likapakwa rangi nyeupe na kuwekwa kwenye kona ya uwanja wa kuegesha malori, karibu kabisa na geti la forodha. Ndani mlikuwa na meza, pazia la kijani, jokofu dogo la sampuli, ndoo ya maji yenye koki, na feni iliyojua kupiga kelele kuliko kupuliza. Upande wa pili wa geti, nchi jirani, kulikuwa na kontena kama hilo hilo, pazia lile lile. Yote mawili yalikuwa ya mradi wa afya mipakani, ambao nchi za ukanda ule ziliuanzisha kwa pamoja kwa fedha za wafadhili wa mbali. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi aliyaita vituo pacha. Madereva hawachelewi kumbatiza mtu, kwa hiyo muuguzi wa upande ule akawa Pacha tangu siku hiyo. Muuguzi wa upande huu naye angeitwa hivyo, ila alikuwa ameshamfokea dereva mmoja mzee kwa kuruka vidonge vya presha, na yule mzee akatoka nje akiwatangazia wenzake kwamba marehemu shangazi yake amefufuka, yumo mle ndani, amevaa kofia ya unesi. Jina likaganda. Hata wanaume waliomzidi umri walimwita Shangazi, na walimwogopa vivyo hivyo.

Kazi ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Dereva hana nyumbani pa kuugulia. Leo yuko nchi hii, keshokutwa nchi ile, na dawa za kifua kikuu hazitaki mtu wa kurukaruka. Mradi ulileta kadi moja iliyokubalika nchi zote za barabara ile, ili mtu aliyeanza dawa huku aendelee nazo kule bila kuanza kujieleza upya. Na kwa sababu kadi haina miguu ya kumfuata mtu, kila asubuhi Shangazi na Pacha walipigiana simu ya mradi na kukabidhiana watu.

“Nakuletea mtu wangu,” Shangazi angesema. “Mrefu, kofia nyekundu. Atakwambia amesahau dawa nyumbani. Usimwamini, hana nyumbani.”

Pacha alilalamika kwamba Shangazi anamtumia vichwa vigumu tu na wale watiifu anabaki nao. Shangazi alijibu kwamba yeye huwatuma wakiwa wamenona na Pacha huwarudisha wamekonda, sijui huwa anawalisha nini. Basi mazungumzo ya wagonjwa yangeisha na mazungumzo mengine yangeendelea, mpaka mtu apige hodi.

Ana kwa ana walikutana mara chache, kwenye semina au pale getini. Siku ya kwanza Shangazi aliaibika. Kwenye simu Pacha alikuwa na sauti nzito ya mtangazaji wa redio, kwa hiyo alipojitokeza mwanamume mfupi mwenye kitambi na miwani, akasema “Shangazi, ni mimi,” Shangazi alichungulia nyuma yake kumtafuta mwenye sauti. Pacha alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mkewe alikwishaondoka zamani, naye Pacha alikuwa akiishi na mama yake. Binti wa Shangazi, aliyekuwa amefika umri wa kuwapeleleza wazazi, aliuliza siku moja kama huyo Pacha ana mtu. Shangazi akamtuma akaoshe vyombo. Kama ulikuwa urafiki au kitu kingine, mwenyewe hakujua, na aliona hakuna haraka ya kujua.

Kisha mradi ukafa.

Meneja alikuja mwenyewe kutoka makao makuu, kijana msomi, mpole, ambaye kila mara alivua viatu kabla ya kuingia kontenani ingawa hakuna aliyewahi kumwomba. Siku hiyo hakuingia. Alikaa kwenye benchi la nje kati ya wagonjwa, akashika tama. Shangazi alipotoka, meneja akamweleza kwamba wakubwa wa kule fedha zinakotoka wamebadilisha mipango yao, na awamu ya pili haipo tena. Nchi zenyewe zilitakiwa kuanza kuchangia fungu lao ili kazi isisimame, lakini kila moja ilikuwa inangoja mwenzake atangulie.

“Na wagonjwa wangu niwaambie wamngoje nani?” Shangazi akauliza.

Meneja alikuwa na barua yake mwenyewe ya kuachishwa kazi mfukoni, na mkewe alikuwa mjamzito. Walihesabu vifaa pamoja, wakafunga kufuli, na mlangoni meneja akabandika karatasi nyekundu iliyosema kwamba hii ni mali ya mradi, isifunguliwe mpaka siku ya makabidhiano. Makabidhiano yalihitaji saini za maofisa wa nchi zote mbili kwa pamoja. Siku hiyo haikufika. Ndani ya kontena lile yalibaki maboksi ya mavazi ya kujikinga, magauni, glavu, miwani na buti, yaliyonunuliwa kwa ajili ya mlipuko ambao kila semina ilisema lazima utakuja.

Shangazi akarudishwa hospitali ya wilaya, idara ya wagonjwa wa nje. Pacha akapelekwa zahanati ndogo ya upande wake, pua na mdomo na geti. Simu za mradi zilichukuliwa, lakini Pacha hakuacha kupiga. Alipiga kwa salio lake, kwa hiyo alizungumza mbio mbio, na utani wake ukawa wa kifupi kama matangazo ya vifo. Mara nyingine alimtaja mgonjwa fulani na kuuliza kama amepita huku. Shangazi hakuwa na njia ya kujua. Madereva walipita moja kwa moja siku hizi, hawakuwa na pa kusimama.

Mvua zilikuwa zimeanza Pacha alipopiga asubuhi moja, foleni ya wagonjwa ikiwa imefika mlango wa nje. Hakuanza na utani.

“Shangazi, uko peke yako?”

Akatoka koridoni, akasimama penye ndoo za takataka ambapo hakuna mtu apendaye kusimama.

“Nina mgonjwa wa homa,” Pacha akasema. “Anatoka damu kwenye fizi, na pale nilipomchoma sindano hapafungi. Kaka yake tulimzika juzi tukidhani ni malaria. Wote wawili ni wapakiaji, wanapanda na kushuka malori yanayokuja kwenu.”

“Umeripoti?”

“Nimeripoti. Nimeambiwa nisimwambie mtu mpaka wizara itangaze. Sasa nakwambia wewe. Vaa, na uwavishe wenzako.”

“Na wewe umevaa nini?”

“Glavu bado zipo,” akasema.

Shangazi alimsikiliza mtu huyu miaka yote ile kwa masikio tu, bila uso wa kumdanganya. Alijua glavu zimekwisha.

Alikwenda moja kwa moja kwa mganga mkuu wa wilaya. Hakuwa mtu mbaya, mganga mkuu, ila alikuwa mtu wa karatasi. Alimwamini, na hofu ilionekana usoni mwake, lakini stoo yake haikuwa na kitu cha maana, na kuomba vifaa juu ya ugonjwa ambao haujatangazwa kungechukua muda. Shangazi akamkumbusha kontena. Mganga mkuu akasema kontena si mali yake, akilifungua ataulizwa na nchi mbili.

“Nikilifungua mimi?”

Mganga mkuu aligeukia dirishani, akaangalia mvua. Kisha akasema kwamba yeye yuko kwenye kikao mpaka alasiri, na gari la wagonjwa liko pale nje, dereva wake amekaa tu.

Mlinzi wa uwanja wa malori alikuwa mzee aliyekula chumvi nyingi, na Shangazi ndiye aliyekuwa akimpima sukari wakati wa mradi. Alipoambiwa kinachotakiwa alikwaruza kidevu, akasema kazi yake ni kuzuia wezi, na huyu si mwizi kwa kuwa amepiga hodi. Waliazima mtaimbo kwa fundi wa kuziba pancha. Kufuli ilikataa kwanza, kisha ikatoka na kipande cha mlango, na ile karatasi nyekundu ikachanika katikati. Joto la ndani likawapiga usoni. Mjusi alikuwa ametaga kwenye droo ya meza. Shangazi hakutazama kiti wala pazia. Alibeba maboksi mpaka kiuno kikakataa, na mawili makubwa akayatenga.

Hayo mawili alimpa dereva mmoja aliyemfahamu, aliyekuwa na zamu ya kuvuka alasiri ile, akamwambia ampelekee Pacha mkononi, si kwa mtu mwingine. Dereva alivuka geti la huku bila shida. Geti la kule wakamsimamisha. Vifaa tiba haviingii bila kibali, ofisa wa forodha akasema. Dereva akamwambia ni vya muuguzi wa hapo hapo, zahanati ile pale, bati lake linaonekana. Ofisa akajibu kwamba hata kama ni vya mama yake mzazi, kibali kiko wapi. Wakati wa mradi kibali kilikuwa kimoja cha nchi zote, na kilikuwa kimeisha pamoja na mradi. Maboksi yakawekwa kwenye banda la forodha kungojea karatasi. Kesho yake ugonjwa ukatangazwa, na geti likafungwa kwa watu na mizigo.

Shangazi alipiga simu kila ofisi aliyoijua. Alimpigia hata yule meneja, ambaye hakuwa na ofisi tena, naye akawapigia watu wake, akaambiwa jambo linashughulikiwa. Maboksi yalibaki bandani.

Katika siku hizo utingo mmoja aliletwa hospitali ya wilaya akiwa anatapika, macho mekundu. Alipokelewa na watu waliovaa kuanzia utosini hadi unyayoni, Shangazi akiwa mbele yao, jasho likimjaa ndani ya miwani. Hawakufanikiwa kumwokoa. Alikufa akimwita dada yake, na Shangazi akaitika. Lakini kati ya wote waliomgusa, hakuna aliyeugua.

Pacha alipiga tena jioni moja, akiwa na sauti ndogo isiyokuwa yake.

“Nimejiweka chumba cha nyuma hapa zahanati,” akasema. “Mama nimempeleka kwa dada yangu kabla.”

Shangazi aliuliza homa imeanza lini, anakunywa maji, damu je. Mwenyewe alijisikia anauliza kwa sauti ya kazini, akashindwa kuiacha.

“Usinihoji kama nesi,” Pacha akasema. “Leo piga soga tu.”

Basi akapiga soga. Alijikaza kisabuni, akamsimulia binti yake alivyojifungia na kitabu mpaka sufuria ikaungua na jirani akaja na ndoo ya maji. Akamsimulia mganga mkuu alivyovaa buti za kujikinga kinyume, ya kulia kushoto, akatembea siku nzima kama bata na hakuna aliyethubutu kumwambia. Pacha alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda kwisha.

“Yule wa kofia nyekundu,” akauliza baadaye, “alimaliza dawa?”

“Alimaliza,” Shangazi akasema.

Hakujua. Tangu makontena yafungwe, hakuna mtu wa upande wowote aliyejua nani amemaliza na nani ameacha njiani.

“Vizuri,” Pacha akasema. “Alitusumbua yule.” Kisha akasema amechoka, atapiga kesho.

Hakupiga. Shangazi ndiye aliyepiga, asubuhi, mchana, na tena. Simu ilipopokelewa hatimaye ilikuwa sauti ya mwanamke, muuguzi mwenzake wa zahanati, na kabla hajasema neno Shangazi alikuwa ameshaketi sakafuni.

Ndege za msaada zilikuwa zimetua kwenye mji mkuu wa kule siku mbili kabla. Kwa hiyo watu waliomzika Pacha walikuwa wamevaa mavazi kamili, mapya, yenye alama ya msaada wa dharura. Shangazi alisimuliwa hilo kwa simu na dereva aliyezuiliwa upande ule. Alilala nalo na kuamka nalo: yalikuwepo ya kumzikia.

Mlipuko ulizimwa. Palipotulia, iliundwa kamati kuchunguza nani alivunja kontena la mradi. Shangazi aliitwa, akakiri bila kuzunguka. Yule meneja alikuja kwa nauli yake, akiwa amekonda, akaiambia kamati kwamba yeye ndiye aliyebandika ile karatasi na angetamani angeichana mwenyewe. Mwishoni mganga mkuu akainua mkono, akasema alijua, na gari lilikuwa lake. Yeye na Shangazi wakapewa onyo la maandishi. Walipotoka, mganga mkuu alimfungulia Shangazi mlango, kisha akabaki ameshika kitasa.

Na fedha zikarudi. Zilirudi nyingi kuliko mwanzo, maana sasa ugonjwa ulikuwa umetajwa kwenye taarifa za habari za dunia. Mawaziri walikutana hotelini wakasaini mkataba wa ushirikiano, nchi zikatoa fungu lao, na makontena yote mawili yakapakwa rangi upya. Siku ya uzinduzi Shangazi aliombwa asimame kwa picha pamoja na muuguzi mpya wa upande wa pili, msichana mdogo mwenye adabu, aliyemwamkia kwa heshima zote. Alisimama. Mpiga picha akamwomba atabasamu, naye akajaribu. Hotuba zilitaja uratibu na mshikamano wa kanda. Mzungumzaji mmoja aliwakumbuka kwa jumla wahudumu wa afya waliopoteza maisha, na watu wakanyamaza kidogo, kisha programu ikaendelea.

Geti lilipofunguliwa kwa watu wa kawaida, Jumapili ya kwanza Shangazi alivuka. Alikuwa amefanya kazi karibu na geti lile miaka yote na mitaa ya nyuma yake hakuijua. Aliulizia mpaka akafika kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la fundi cherehani. Mama yake Pacha alikuwa amekaa mlangoni, macho yake hayaoni mbali. Shangazi akamwamkia, akaanza kujieleza kwamba yeye ni mfanyakazi mwenzake marehemu, kutoka ng'ambo ya geti.

“Sema tena,” mama akamkatiza.

Akasema tena.

“Ni wewe wa simu.” Mama akanyoosha mkono kutafuta mkono wake. “Alikuwa akitoka nje kuongea, akidhani simsikii. Namsikia anacheka peke yake huko kama mwendawazimu. Nikawa najiambia, acha acheke, mtoto wa watu amekaa mpweke mno.”

Shangazi aliingizwa ndani, akapewa kigoda. Mama alimwonyesha kitanda cha Pacha, miwani yake ya akiba, na shati la kazi lililokuwa kwa dobi, la pekee waliloruhusiwa kubaki nalo. Waliongea mambo ya kawaida, maradhi ya miguu, bei za vitu, binti wa Shangazi na masomo yake. Kisha mama akauliza, bila kumtazama:

“Mlikuwa mnataka kuoana?”

“Hatukuwahi kulizungumza, mama.”

“Mngelizungumza,” mama akasema kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto hesabu. “Mlikuwa mnafika.”

Hapo ndipo Shangazi alipolia. Hakuwa amelia wodini, wala mbele ya kamati, wala siku ile ya picha. Alilia na shati la watu mapajani, na mama akamshika mkono na kumwacha alie, hakumbembeleza wala hakumwambia nyamaza. Cherehani ilikuwa ikilia upande wa dukani, ikisimama na kuendelea. Alipomaliza alinawa uso kwenye karai, akaosha vikombe walivyonywea, akavifunika. Mama akamwomba arudi wakati mwingine, aje na binti. Akaahidi.

Geti lilikuwa linakaribia kufungwa aliporejea. Alijipanga kwenye foleni nyuma ya wafanyabiashara wenye mabunda vichwani, macho yamemvimba, leso imelowa mkononi. Siku hizi palikuwa na kijana aliyevaa glavu akimpima kila mvukaji kwenye paji la uso. Alipofika kwake, kijana akamwangalia vile macho yalivyokuwa mekundu, akapima, akarudia kupima kwa uhakika.

“Huna homa, mama,” akamwambia. “Pita.”